Mgonjwa Analala au Anakaa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi katika kampuni ya ndege hunidhania msafiri, wakaanza kuniuliza habari za mawingu. Habari za mawingu sina. Nilivuka bahari mara chache tu, kwenda Unguja kusoma sekondari na kurudi, na kila safari nilitapika tangu gati ya huku hadi gati ya kule. Nilipomaliza masomo niliweka nadhiri ya moyoni kwamba anayenitaka atanikuta Pemba.

Kazi niliipata kwa ajili ya Kiingereza, ambacho nilikuwa nacho cha kutosha kusoma maagizo na kisichotosha kubishana nayo. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, makao yake Unguja. Haikuwa na safari za ratiba kama meli. Ndege zake zilikuwa za kukodi: mwenye haja yake anaikodi, na kuanzia hapo mpaka atakaposhuka ndege ni yake. Hata ikienda na viti vitupu, huna ruhusa ya kumpakia mtu mwengine bila ya ridhaa yake. Walitaka mtu wa kuipokea ndege ikija Pemba na kuiondosha ikirudi, na mtu huyo nikawa mimi. Kwa Kiingereza cheo changu kilikuwa kirefu kuliko uwanja. Bibi yangu wa Kengeja, aliyenilea, alikifupisha. Akiulizwa mjukuu wake anafanya kazi gani, alijibu, "Mchunga ndege."

Hakukosea sana. Asubuhi ndege ikitarajiwa, jambo la kwanza ni kuutembea uwanja wote kwa miguu. Ulikuwa uwanja wa majani, na majani yale ng'ombe wa jirani waliyapenda kuliko ya kwao. Nawafukuza ng'ombe, nafukia mashimo, kisha nasimama mahali mahali nakanyaga kwa kisigino kwa nguvu zangu zote. Kisigino kikizama, uwanja umelowa na ndege haiji. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu: kisigino changu, ndani ya kiatu cha kampuni. Halafu kuna mapipa ya mafuta, ambayo lazima yachujwe kwa kipande cha ngozi laini ili lisipite hata tone la maji. Halafu kuna mizani.

Abiria wa ndege ndogo hupimwa kama karafuu. Na kweli mizani tuliazima kwa mnunuzi wa karafuu, ya kusimamia, na kila aliyeipanda alitoka na harufu yake. Wanaume walipanda wakicheka. Wanawake hawakukubali kupanda mbele ya watu, na mie sikuwa na ushujaa wa kuwalazimisha, basi nilimuuliza mume.

"Kiasi tu," mume angesema.

"Kiasi gani, bwana?"

"Kama gunia, na pishi mbili tatu juu yake."

Nilikuwa naongeza kidogo, kwa kuwa waume huwapunguza wake zao mbele ya mgeni.

Lakini swali kubwa kuliko yote lilikuwa la wagonjwa. Mgonjwa analala au anakaa? Akiwa anakaa, anafungwa mkanda kwenye kiti kama abiria yeyote. Akiwa analala, fundi wa Unguja lazima avifungue viti vya upande mmoja kwa spana, afunge pale chuma cha kushikilia machela, atie saini, ndipo ndege iruke. Kazi hiyo ilifanyika Unguja tu. Pemba hatukuwa na fundi wala chuma, na spana niliyokuwa nayo mie ilikuwa ya baiskeli. Swali lenyewe waliliuliza asubuhi ya safari, kwa simu, kwa sababu mgonjwa aliyekaa jana anaweza kuamka hawezi kukaa. Analala au anakaa. Nimelijibu mara nyingi kwa ajili ya wagonjwa wa watu, wala sijaliona kuwa ni swali gumu.

Mwaka ule wa mavuno makubwa bibi alianguka. Alikuwa ameanika karafuu uani, mvua ikaja ghafla, naye akakimbilia kuzianua kama msichana. Aliteleza kwenye jamvi. Mganga wa viungo alimkanda na kumfunga, lakini maumivu hayakupungua, ndipo akaletwa hospitali ya Chake kwa gari la shamba, amelazwa juu ya godoro baina ya mikungu ya ndizi. Daktari aliniita pembeni. Mfupa wa nyonga umekatika, alisema, na hapa hana chombo cha kuushughulikia. Apelekwe Unguja upesi, kabla mfupa haujaanza kujiunga wenyewe ovyo ovyo. Ukishajiunga hivyo hatakwenda tena sawasawa. Kwa meli hakutaka hata kusikia. Mfupa ule usitikiswe na mawimbi.

Nilipoingia wodini bibi alinitambulisha kwa wagonjwa wenzake.

"Mume wangu huyo. Ana ndege yake."

"Si yangu, bibi."

"Mnamsikia? Nimeolewa na mwenye ndege, na miaka yote hii nakwenda kisimani kwa miguu."

Wodi nzima ilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu kucheka kulimuuma, lakini nilimwona amefurahi.

Sasa, ndege ya kukodi ina jambo moja ambalo watu wa nje hawalijui: safari tupu. Mtu akiikodi kuja Pemba akabaki, ndege lazima irudi kwao, na inarudi haina mtu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Unguja anakuja kutazama karafuu, naye angekaa siku kadhaa. Nikampigia simu mkuu wetu nikamwomba ile safari ya kurudi kwa ajili ya bibi. Akamuuliza mfanyabiashara, mfanyabiashara akasema hana neno, mgonjwa apandishwe. Mkuu akaniambia, "Karani atakupigia asubuhi akuulize yale ya kawaida." Nilikata simu nikihisi kwamba kwa mara ya kwanza kazi yangu imefanana na kazi.

Asubuhi ile babu, mume wa bibi wa kweli, alikuja ofisini mapema, amevaa koti lake la sherehe juu ya kanzu, kana kwamba anayesafiri ni yeye. Ofisi ilikuwa banda la bati lenye meza, simu ya kuzungusha mkono na mizani. Alikaa juu ya mizani. Nikamwambia bibi ataletwa na gari la hospitali ndege ikishafika, asiwe na wasiwasi. Nikatoka kuutembea uwanja.

Ng'ombe walikuwa wengi asubuhi ile, na mmoja, dume jeusi, alikuwa na rai yake mwenyewe juu ya usafiri wa anga. Nilikuwa mwisho kabisa wa uwanja nikimbembeleza kwa fimbo niliposikia simu inalia bandani. Nikaanza kukimbia. Kwa mbali nilimwona babu anainuka, analitazama lile dude, anajitengeneza kofia, analiinua.

Nilipofika nahema, alikuwa anasema, "Inshallah. Inshallah, mwanangu. Tunamngoja." Kisha akalirudisha kwa adabu, kama anayeweka kikombe cha mwenyewe.

"Wamesemaje, babu?"

"Watu wazuri hao. Wameniuliza hali ya mgonjwa. Wakataka kujua hata anakaa wapi."

Hapo kitu kilinigusa kidogo. Karani wa Unguja nilimjua. Hakuwa mtu wa kuuliza hali. Kila nilipompigia alikuwa akiiga lafudhi yetu ya Kipemba mpaka nimalize shida yangu. Lakini nikajiambia labda safari hii amekumbuka kuwa naye ana bibi. Hata hivyo nikazungusha mkono nimpigie. Yule wa posta anayeunganisha simu akasema laini ya Unguja imeshikwa na wakubwa wa serikali, ningoje. Nikangoja. Nilikuwa bado nangoja, chombo sikioni, niliposikia injini juu ya minazi.

Ilikuwa ile ndege ya mabawa ya ghorofa, bawa juu ya bawa, ya mbao na turubai, yenye injini mbili zinazopiga kelele kuliko ukubwa wake. Ilishuka vizuri. Nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, mlango ukafunguka, mfanyabiashara akashuka na mwavuli wake. Nikachungulia ndani.

Viti vyote vilikuwamo. Upande huu na upande huu, vimepangwa safi, na mikanda yake imelazwa juu kama vitambaa vya karamu.

Gari la hospitali nalo lilikuwa limeshaingia uwanjani, linakuja polepole kwa ajili ya mashimo. Ndani yake bibi alikuwa amelala chali, na mbao mbili zimefungwa mguuni kutoka kwapani mpaka kifundoni.

"Babu," nikasema, "hebu niambie neno kwa neno. Walikuuliza nini?"

"Si nimekwambia? Aliuliza, mgonjwa analala? Nikamwambia, halali, mwanangu. Halali kabisa, tangu aanguke hajapata usingizi wa maana. Akasema, ahaa, kwa hiyo anakaa? Nikamwambia anakaa, anakaa Kengeja. Akauliza uzito. Nikasema uzito gani tena, keshakwisha, kabaki mifupa."

Babu hakusema hata neno moja la uongo. Bibi alikuwa halali, na alikuwa anakaa Kengeja. Karani baadaye aliniambia kwamba injini ya ndege nyengine ilikuwa ikijaribiwa nje ya dirisha lake, na alichokisikia ni "halali" na "anakaa", na kwake hayo yalitosha. "Mzee wako kanambia mwenyewe," alisema. Nilipomwambia habari za Kengeja akauliza, "Kengeja ndiyo nini?"

Rubani alikuwa Mzungu mrefu, mpole, tuliyemwita Kapteni. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote. Alisikiliza, akaingia ndani, akapiga magoti, akanionyesha skrubu za viti zilivyokazwa sakafuni. "Mimi hapana ruhusa," alisema, kwa Kiswahili, labda kwa heshima ya babu. Mwenye ruhusa ni fundi, na fundi yuko Unguja. Na hata tukivitoa, machela itashikwa na nini? Kuisubiri siku nyengine? Alitazama saa. Ndege imekodiwa kwenda Tanga mchana ule, na kesho yake kwengine. Hicho nacho watu wa nje hawakijui: siku ya ndege ya kukodi imekatwa vipande vipande, na kila kipande kina mwenyewe.

Bibi alikuwa ameshashushwa na machela yake imewekwa majanini, kivulini mwa bawa. Alinisoma usoni.

"Kuna nini, mume wangu?"

"Viti, bibi. Wamekuja na viti. Lazima ukae."

"Basi nikalisheni."

Muuguzi aliyekuja na gari alikataa. Bibi akamwangalia mpaka muuguzi akashika upande wake. Tukamwinua, mie kwapani, muuguzi mguuni, babu akishikilia upindo wa kanga bila ya sababu yoyote. Tulifika mlangoni. Mlango wa ndege ile ni mwembamba na sakafu yake inapanda kwenda mbele, na ili mtu aingie lazima akunje nyonga. Bibi hakupiga kelele. Aliuma ncha ya mtandio wake, akaniminya shingo kwa vidole vyake vyembamba, na jasho lake likanidondokea sikioni. Kapteni akasema kwa sauti ndogo, "No. Basi. Basi." Tukamrudisha.

Alipopata pumzi alisema, "Kumbe kukaa ni kazi."

Kilichobaki ilikuwa ndege iondoke. Naomba msomaji anielewe hapa. Kuiondosha ndege ilikuwa kazi yangu, na hapakuwa na mtu mwengine. Injini zikawaka. Kapteni akanipungia mkono kutoka dirishani, maana yake toa kabari. Nikainama, nikazivuta moja baada ya moja kwa mikono yangu, nikarudi nyuma, nikainua dole gumba kama nilivyofundishwa. Ndege ikaenda na viti vyake vitupu, vyote, na bibi amelala majanini akiufuata kwa macho mkia wake mpaka ulipopotea.

"Inapendeza," alisema.

Mkuu alisikitika kweli. Aliahidi kwamba ndege ikipata nafasi tu italetwa, na safari hii fundi mwenyewe atakuja. Nafasi ikapatikana. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua ambayo hata bati la ofisi lilinung'unika.

Asubuhi niliutembea uwanja, na babu akanifuata nyuma na koti lake lile lile. Nilikanyaga mwanzoni, kisigino kikazama. Nikakanyaga katikati, kikazama mpaka kwenye uzi wa soksi. Nilijua pa kukanyaga ili kisizame. Palikuwa na kipande cha mawe mawe karibu na banda. Lakini magurudumu hayashukii karibu na banda.

"Kisigino chako kizito," babu alisema. "Umenenepa kwa kazi ya serikali."

"Si ya serikali, babu."

"Nipishe mie." Akavua makubadhi, akakanyaga kwa kisigino chake kikavu, mwembamba kama alivyo. Kilizama kidogo tu. "Unaona? Mbona hakizami? Waambie waje."

"Babu, ndege si wewe."

Alisimama pale muda mrefu, mguu mmoja mbele, kama mtu anayepigwa picha. Mie nikaenda kwenye simu. Nimesema kwamba Kiingereza changu hakikutosha kubishana. Siku ile nilihitaji neno moja tu, na hilo nalo karani ndiye aliyelisema badala yangu: "Haufai?" Nikasema haufai. Hakuiga lafudhi yangu.

Mvua iliendelea. Kila asubuhi nilikanyaga, na kila asubuhi nilipiga simu. Jioni nilikwenda wodini, bibi akaniuliza, "Kisigino kimesemaje?" Nikimwambia kimezama, alikuwa akiwageukia wenzake: "Nilitaka kuolewa na mwenye viatu vyepesi, wazee wangu wakakataa." Daktari alikuwa akiugusa mguu, anaufunika.

Jua lilipotoka likakaa, ndege ilikuja. Ilileta maofisa wa kilimo, waliokubali irudi na mgonjwa, na ilimleta fundi na spana zake na chuma chake. Alivifungua viti vya upande mmoja pale pale, akavipanga bandani kwangu, na machela ikaingia kama mkate kwenye tanuri. Kazi ile ilichukua muda mfupi mno. Nilisimama naitazama, na ufupi wake ndio ulioniuma.

Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza. Babu alipanda, kofia mkononi. Bibi akanitazama kutoka ndani.

"Na wewe mume wangu huji?"

"Nani atatoa kabari, bibi?"

"Haya. Siku zote una kabari weye."

Walichelewa. Mfupa ulikuwa umeshajiunga kwa namna yake, na madaktari wa Unguja walifanya waliloliweza. Bibi alikaa huko muda mrefu, akarudi kwa meli, siku ya bahari shwari, na fimbo mkononi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi na nyonga haikukunjika tena sawasawa. Kwenda alikwenda, taratibu. Lakini kukaa mkekani, kama alivyokaa maisha yake yote, kuchambua mchele, kusuka ukili, kula na watu sinia moja, hakuweza tena. Alisimama, au alilala. Hata sala aliisali ameegemea ukingo wa kiti cha mbao alichoazimwa na jirani, na kila mgeni akiingia alijiona yuko juu ya watu, akaona haya.

Vile viti vya ndege fundi alisema vitafuatwa, na vikafuatwa, isipokuwa kimoja kilichochanika ngozi. Kilibaki bandani. Nilikuwa nakikalia mie, miguu juu ya meza, na naweza kusema kwamba nimekaa kwenye kiti cha ndege muda mrefu kuliko marubani wengi, wala sijapaa hata kimo cha mpapai.

Siku moja bibi alikuja Chake kuangaliwa mguu, akapita ofisini. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akaangaza macho, simu, mizani, kiti.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae."

"Hapa, au Kengeja?"

Nikainuka nikampisha. Hakusogea. Alikionyesha kiti kwa fimbo.

"Ndicho kimojawapo hicho? Katika vilivyokwenda bure?"

"Ndicho."

Alikizunguka, akakibonyeza kwa kiganja kama anayechagua embe. Kisha akajigeuza kidogo kidogo, akashika mikono yake ya chuma, akajishusha, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Kilikuwa kinalala nyuma kidogo, kiti kile, kwa hiyo nyonga haikulazimika kukunjika sana. Alikaa. Alikaa vizuri kuliko nilivyomwona akikaa tangu arudi. Akaufunga ule mkanda tumboni mwake, akaufungua, akaufunga tena.

Alitazama nje uwanjani, ng'ombe wametapakaa kama kawaida, dume jeusi katikati yao.

"Wafukuze basi," alisema. "Mie niko tayari."

Nikatoka, nikawafukuza.